Maji Yalipochemka Lushoto

Barua ya kujiunga na kidato cha kwanza ilikuwa na karatasi mbili zilizopigwa chapa kwa taipureta. Ya kwanza ilihusu bweni: godoro la futi mbili na nusu, ndoo yenye mfuniko, jembe na mpini wake, fagio la chelewa, sweta la kijani. Ya pili ilihusu masomo, na hiyo ndiyo niliyoisoma hadi ikachanika kwenye mikunjo. Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila somo kaunta buku mbili, moja ya maelezo na moja ya majaribio. Mkebe wa hesabu uliokamilika. Penseli za kuchorea. Rula ya sentimita 30 isiyopinda. Chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa mkono, kwa wino wa bluu: saa yenye mshale wa sekunde, kwa mwenye uwezo.

Ilikuwa Januari 1997, na mbali zaidi nilikokwisha kufika kutoka Tanga mjini ni Pangani. Shule niliyochaguliwa ilikuwa wilaya ya Lushoto, juu milimani. Nyumbani kwetu Ngamiani watu walizungumzia baridi ya huko kwa namna ya kunionea huruma, lakini mimi mawazo yangu yote yalikuwa kwenye ile karatasi ya pili. Shule ya msingi tulisoma sayansi kwa ubao na chaki. Mwalimu alichora moyo, tukauchora. Akaandika sehemu za ua, tukanakili. Joto, mwanga na umeme vyote vilipitia kwenye chaki vikaingia kwenye daftari, na mtihani ulipofika tukavitoa kama vilivyoingia. Kipimajoto nilikuwa nimekiona hospitali tu, kikiwa kwapani mwa mtu mwingine. Sasa barua ilikuwa inaniambia kwamba kuna daftari zima, la kwaya tatu, la kuandikia mambo nitakayoyafanya mwenyewe. Kijana wa jirani aliyemaliza kidato cha nne alinieleza kwamba maabara ni mahali pa moshi wa rangi na vitu vinavyolipuka, nikamwamini moja kwa moja.

Mjomba ndiye aliyenisindikiza. Tulipanda basi alfajiri kituo cha Ngamiani, godoro likafungwa juu ya keria pamoja na sanduku la bati, ndoo nikaipakata. Tulipita Pongwe, kiwanda cha saruji kikiwa kimeshaamka na vumbi lake jeupe juu ya majani ya barabarani. Muheza wachuuzi walituletea machungwa hadi dirishani, tayari yamemenywa. Hapo mjomba alinunua chupa ya maji, tukanywa nusu, akaifunga kwa nguvu na kuitia mfukoni mwa koti. Baada ya Muheza ni mkonge, safu baada ya safu zilizonyooka hadi macho yanachoka, mpaka Segera ambako barabara ya Tanga inakutana na ile inayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Sikuwahi kuona malori mengi kiasi hicho mahali pamoja. Mjomba alinionyesha kwa kidole: huku Dar, huku Moshi, na kule nyuma tulikotoka ndiko baharini. Kisha tukashika upande wa Moshi, tukapita Korogwe, na milima ikaanza kutufuata mkono wa kulia.

Mombo ni joto tupu. Basi lilisimama kwa muda mrefu, dereva akala, utingo akamwagia maji magurudumu. Baba mmoja mzee aliyeketi nyuma yetu aliuliza ninakwenda wapi. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, vaa sweta kabla hatujafika Soni, ukisubiri baridi ikupate itakuwa umeshachelewa." Nilikuwa natokwa jasho, nikaona haya kulivaa.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33, na karibu zote ni kupanda. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima: upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde ambalo mwanzoni unaona sakafu yake, baadaye unaona vilele vya miti tu. Kila kona dereva alipiga honi ndefu. Hewa iliyoingia dirishani ilibadilika pole pole, ikaacha kunuka vumbi na mkonge, ikaanza kunuka majani mabichi na moshi wa kuni. Masikio yakaniziba. Nilidhani ninaugua. Mjomba akasema, "Meza mate," nikameza, na ngurumo ya injini ikarudi masikioni kwa kishindo. Baada ya kona chache yakaziba tena. Nyuma yetu mtoto mchanga alilia njia nzima, na mama yake akawa anamnyonyesha, na kila aliponyonya alinyamaza.

Soni tulisimama karibu na maporomoko. Wanawake walileta vikapu vya peasi na pichesi, matunda ambayo kwetu yalikuwa ya dukani na ya wagonjwa. Mjomba alitoa ile chupa ya Muheza mfukoni. Alipozungusha kizibo chupa ilitoa pumzi, fsss, ingawa yalikuwa maji matupu na wala si soda. Aliitazama, akanusa, akanywa. "Mazima," akasema, akanipa. Mimi nilikuwa nimeshavaa sweta.

Shule ilikuwa mbele ya hapo, kwenye mgongo wa kilima wenye mikaratusi mirefu, kama mita 1,400 juu ya bahari. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani, saa tisa ya mchana. Tulipokelewa na mwalimu wa zamu, akahakiki vitu vyangu mstari kwa mstari dhidi ya ile barua, akafika mwisho akauliza, "Saa?" Nikasema sina. Hakunigombeza, alitia alama ya kistari na kuendelea. Mjomba, aliyekuwa amesimama pembeni na kofia mkononi, alivua saa yake ya mkanda wa ngozi akaniwekea kiganjani. Akanionyesha namna ya kuitia ufunguo kila asubuhi bila kuulazimisha. Akaniaga, akateremka kuliwahi basi la kurudi Mombo.

Wiki za mwanzo hazikuwa za sayansi. Masomo ya sekondari, isipokuwa Kiswahili, yalikuwa kwa Kiingereza, na sisi tulikuwa tumesoma miaka saba kwa Kiswahili, kwa hiyo wanafunzi wapya, njuka kama tulivyoitwa, tulipewa kwanza kozi ya lugha. Nilipita karibu na jengo la maabara kila siku nikielekea bwaloni. Lilikuwa na milango miwili mipana, na kupitia kioo niliona meza ndefu nyeusi na kabati lenye kufuli. Hapakuwa na moshi wa rangi.

Siku tulipoingia, mwalimu wa fizikia na kemia, ambaye alikuwa mtu mmoja kwa masomo yote mawili kwa sababu walimu hawakutosha, hakutugusisha kitu. Alitutembeza. Hii ndoo ya mchanga ni ya moto. Hili blanketi ni la mtu aliyeshika moto. Humu ndani hakuna kukimbia, hakuna kula, hakuna kuonja, hata kama ni chumvi na wewe unajua ni chumvi. Tindikali humiminwa kwenye maji, kamwe maji hayamiminwi kwenye tindikali, kwa sababu joto linalotoka hapo linaweza kuyarusha yote usoni mwako. Akatuonyesha meza moja yenye mabaka ya kahawia, akasema kila baka ni mtu aliyeharakisha. Alitufundisha alama za hatari zilizo kwenye chupa, za kitu kinachowaka, kinachobabua, chenye sumu, tukazichora moja moja. Kisha akaandika ubaoni vichwa vitano ambavyo vilikaa nasi miaka yote minne: Lengo, Vifaa, Njia, Matokeo, Hitimisho. Alipigia mstari kimoja tu, Matokeo. "Hapo," akasema, "ndipo nitakapokuwa nawasahihishia kwa ukali. Kwingine nitawavumilia."

Baiolojia ilifundishwa na madamu mmoja mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Kwake tulijifunza kuchora upya. Penseli ichongwe hadi iwe na ncha ya sindano. Mstari uwe mmoja, usio na manyoya. Hakuna kupaka kivuli. Mistari ya kutajia sehemu ichorwe kwa rula, isikatizane, isiwe na kichwa cha mshale. Mchoro ujaze nusu ya ukurasa, uwe na kichwa cha habari, na useme umekuzwa mara ngapi. Nilikuwa nimejisifu kwa kuchora tangu darasa la tatu, na michoro yangu yote ilikuwa imetoka ubaoni. Madamu aliweka mbele yetu ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, limepandwa kwenye kopo la maziwa. Akasema tulichore lilivyo, na jani la tatu lilikuwa limeliwa na mdudu. Karibu darasa zima tulichora jani zima. Alirudisha daftari zote.

Ua lenyewe lina historia, na aliisimulia tulipokuwa tunachora tena. Lilitoka kwenye misitu ya milima hiyohiyo ya Usambara. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kitaalamu kwa jina la Saintpaulia ionantha. Leo ni miongoni mwa maua yanayooteshwa sana ndani ya nyumba huko Ulaya na Marekani, na wengi wanaolimwagilia hawajui Usambara ni wapi. Wasambaa walilijua msituni kabla ya yeyote kulipa jina la Kilatini. Naongeza la kwangu: miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wataalamu, baada ya kuchunguza vinasaba, wamelihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Jina nililolikariri kwa ajili ya mtihani lilikuwa limebadilika kwa sababu kuna watu walirudi kulitazama ua.

Lakini somo linalonikumbusha safari ile nzima lilikuwa la maji.

Maabara haikuwa na gesi. Tulitumia majiko ya mafuta ya taa na taa za spiriti, kundi kwa kundi. Kila kundi lilipewa bika ya maji ya bomba, stendi, kipimajoto kilichoning'inizwa kwa uzi kisigusane na kitako cha bika, na mtu mwenye saa. Kundi letu mwenye saa nilikuwa mimi. Kazi: soma joto kila dakika moja mpaka maji yachemke na uendelee kidogo baada ya kuchemka, jaza jedwali, chora grafu. Kabla ya kuwasha moto mwalimu alituambia tuandike kwa penseli, pembezoni, joto tunalotarajia maji yachemkie. Hakukuwa na la kufikiri. Tangu shule ya msingi tulijua ni nyuzi 100 za Selsiasi. Kitabu cha fizikia cha Abbott, ambacho tulikisoma nakala moja kwa wanafunzi wanne, kilisema vivyo hivyo. Wote tuliandika 100.

Zebaki ilianza kupanda. Mimi nilitaja dakika, msichana wa Muheza alisoma, macho yakiwa usawa wa zebaki kama tulivyoelekezwa, kwa sababu ukitazama kwa juu au kwa chini unajidanganya. 40. 51. 63. Viputo vidogo vikajishika kwenye kuta za bika, vikaachia. 80. Mvuke ukaanza. 90. Baada ya hapo zebaki ikalegea, ikawa inatambaa: 93, 94, 95. Maji yalikuwa yanatokota sasa, yanarukaruka, kioo cha dirisha kimejaa ukungu. Dakika iliyofuata, 95. Iliyofuata, 95. Yule msichana aliongeza utambi. Maji yakatokota kwa fujo zaidi, na zebaki haikusogea hata nywele.

"Kipimajoto kibovu," akasema mvulana mmoja wa kundi letu. Kundi la jirani nao walikuwa wananong'ona. Nyuma kabisa niliona mtu ameshaandika 100 kwenye jedwali, na juu yake 99 na 98, akizipangia njia ya kufikia hapo.

Mwalimu alipita kila meza bila kusema kitu. Kisha akakusanya vipimajoto vitatu kutoka makundi tofauti, akavitumbukiza kwenye bika moja iliyokuwa inatokota, akatuita wote tuje tusome. Vyote vilisimama palepale. "Vimeharibika vyote, kwa kiasi kilekile?" akauliza. Kimya. "Kitabu kimekosea?" Kimya zaidi. Akavuta stuli akakaa. Akauliza swali ambalo halikuonekana kuwa la maabara: "Mlipokuwa mnapanda kutoka Mombo, nani masikio yake yaliziba?"

Mikono yote ilinyooka, hata ya wale wa Lushoto waliokuwa wametoka likizoni. Ghafla chumba kikawa na kelele, kila mtu anasimulia kona ambako masikio yake yaliziba. Mimi nikasimama nikaeleza habari ya chupa ya mjomba: tulivyoifunga Muheza, ilivyotoa pumzi Soni, na kwamba ilikuwa maji matupu. Mwalimu akanitaka niirudie polepole. Akaichora ubaoni. Hewa ina uzito, akasema, na sisi tunaishi chini ya hewa yote iliyo juu yetu. Tanga unabebeshwa mzigo wote. Ukipanda unaacha sehemu ya hewa chini yako, mgandamizo unapungua. Hewa iliyofungiwa chupani Muheza ilikuwa bado na nguvu ya Muheza. Ilipofunguliwa Soni ikatoka nje. Hewa ya ndani ya sikio nayo ni hivyohivyo. Na maji ili yachemke lazima mvuke wake ushindane na mgandamizo wa hewa ulioyakalia. Huku juu mgandamizo ni mdogo, maji yanashinda mapema. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, joto la kuchemkia linashuka kwa takriban nyuzi moja. Tukapiga hesabu wenyewe: mita 1,400 gawanya kwa 300, toa kwenye 100. Ikaja 95 na pointi.

"Mia ni ya kwenu Tanga," akaniambia. "Kitabu hakikudanganya, lakini kitabu hakipo Lushoto."

Hatukuishia hapo, kwa sababu kengele ilipogonga alitupeleka jikoni. Mpishi mkuu, mzee wa Kisambaa aliyewahi kupika miaka mingi mjini Tanga kabla ya kurudi kwao, alikuwa anachochea kuni chini ya sufuria la maharage lililoanza tangu asubuhi. Mwalimu alimwamkia, akamwomba atueleze tofauti ya kupika maharage kule na huku. Mzee alieleza kwa dakika nyingi, akiwa na furaha ya mtu aliyeulizwa jambo lake. Maharage hayahaya ya Lushoto, alisema, akiyapika Tanga yaliiva mapema. Huku hata ukiongeza kuni yanachelewa, kwa hiyo usiongeze kuni, yaloweke usiku kucha na ulifunike sufuria kwa jiwe. Alikuwa anayajua haya yote kwa mikono yake, bila kipimajoto. Niliandika maneno yake kwenye daftari la majaribio, chini ya Matokeo, na mwalimu hakuyakata.

Aliposahihisha, wale walioandika 100 kwenye jedwali walipata sifuri kwenye Matokeo. Mmoja wao alilalamika kwamba jibu hilo lingepata alama kwenye mtihani wa taifa. Mwalimu alikubali, akasema kwenye karatasi ya nadharia andika 100 kama wameuliza usawa wa bahari. Lakini praktikali ni karatasi nyingine, na huko msahihishaji anataka ulichokisoma wewe, kwenye chombo chako, siku hiyo. Alama za majaribio, za mazoezi ya kila mwezi na za kazi ya mradi ziliandikwa kwenye fomu ya maendeleo, ambayo ilitusubiri hadi kidato cha nne na kuhesabiwa pamoja na mtihani. Kwa hiyo kila Alhamisi mchana, tulipoingia maabara, tulikuwa tunafanya sehemu ndogo ya mtihani wa mwisho. Jambo hilo lilituweka macho. Mtu akikuazima jedwali lake unakili, mwalimu aliligundua upesi, maana hakuna vipimo viwili vya watu wawili vinavyolingana hadi pointi ya mwisho.

Nilikuja kujua baadaye kwamba tulikuwa na bahati, na neno hilo linanikera. Miaka hiyo shule nyingi hazikuwa na maabara, na wanafunzi wake walifanya mtihani mbadala wa vitendo: karatasi na kalamu, wakieleza majaribio ambayo hawajawahi kuyashika. Binamu yangu alifaulu swali la kupima tindikali kwa besi bila kuwahi kuona rangi ikigeuka. Ilipokuja kampeni ya kujenga maabara tatu katika kila sekondari ya kata, kati ya mwaka 2012 na 2015, nilichanga kwetu kwa moyo wote, na bado ninaingia kwenye shule ninazozitembelea na kuomba nionyeshwe ndani ya lile jengo. Pengine nakuta meza zina madoa, nafurahi. Pengine nakuta madawati yamerundikwa na kufuli lina kutu. Mtoto anayefundishwa sayansi bila kupewa kitu cha kukitazama anafundishwa kuamini tu, na hilo ni kosa letu sisi watu wazima.

Karibu na mwisho wa muhula wa kwanza, tulipofika kwenye hali tatu za maada, mwalimu alitusimulia habari ya Erasto Mpemba. Alinyoosha mkono dirishani kuelekea juu, upande wa Magamba, kilomita chache kutoka mji wa Lushoto. Mwaka 1963, akasema, kwenye sekondari ya pale palikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ya friza ilikuwa inaisha, Mpemba akaona asisubiri, akaweka yake yakiwa ya moto. Mwenzake aliweka ya baridi wakati uleule. Walipofungua, ya Mpemba ndiyo yaliyokuwa yameganda. Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena, akachekwa. Hadi siku Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipotembelea shule hiyo na kuruhusu maswali. Mpemba akauliza mbele ya watu wote, wenzake wakaona aibu kwa niaba yake. Osborne aliahidi kujaribu. Fundi wake wa maabara alileta taarifa kwamba ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, lakini akamtuliza kwamba ataendelea kurudia hadi apate jibu lililo sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala kwenye jarida la Physics Education, na jambo hilo likaitwa kwa jina la kijana huyo dunia nzima. Wanasayansi wanabishana mpaka leo: wapo wanaoliona kwenye vipimo vyao, wapo wasioliona kabisa.

"Nyie mnasemaje?" mwalimu akauliza. Tukasema tujaribu. Shule haikuwa na friza.

Nyumbani kwetu ilikuwepo. Shangazi aliuza barafu za ukwaju na za ubuyu, na likizo ya Juni nilimwomba nafasi ya bakuli mbili kila jioni. Nilichemsha maji, nikaweka la moto na la baridi pamoja, nikafungua mlango wa friza kila nusu saa kwa saa ya mjomba hadi shangazi akaniambia nitamharibia biashara. Kuna siku la moto lilitangulia, nikapiga kelele nyumba nzima ikaja. Kuna siku la baridi lilitangulia. Kuna siku umeme ulikatika. Yote nikayaandika, pamoja na kukatika kwa umeme.

Julai nilimpelekea mwalimu jedwali langu kabla hata ya kufungua sanduku. Alilisoma akiwa amesimama kwenye korido. Bakuli zilikuwa za aina moja? Moja ya plastiki, moja ya bati, nikasema. Ipi ilikuwa karibu na ukuta wa friza? Sikuandika. Kiasi cha maji? Nilipima kwa kikombe. "Na hapa umeandika 'ya baridi'. Baridi ya nyuzi ngapi?" Sikuwa na kipimajoto. Alitoa kalamu nyekundu mfukoni akaandika pembeni: vyombo vilingane, joto la kuanzia litajwe, rudia. Chini yake akanipa alama kumi juu ya kumi kwa Matokeo, kisha akaingia ofisini akatoka na kipimajoto kilichofungwa kwenye pamba, akanikabidhi kwa saini.

Jumamosi iliyofuata tuliomba ruhusa, mimi na yule msichana wa Muheza, tukateremka Lushoto mjini hadi kwa mama mmoja muuza maziwa mwenye friza. Tulimwamkia, tukamweleza tunataka nini. Alitusikiliza hadi mwisho huku akifuta mikono, akauliza ni yapi hasa yanayoganda kwanza. Tukamwambia ndiyo tunayotaka kujua. Akasema nafasi ipo kwenye rafu ya chini, ila kila tunapokuja kupima na yeye tumwite aangalie.